Muhuri upo, ubalozi umekataa: nimekosea wapi?

SWALI

Ndugu Mshauri,

Mimi ni muuguzi. Nimepata kazi Hispania, na ubalozi wao unataka vyeti vya polisi kutoka kila nchi niliyoishi ndani ya miaka mitano iliyopita. Kwangu ni nchi mbili: nchi yangu ya kuzaliwa, nilikorudi mwaka juzi, na Marekani, nilikosoma na kufanya kazi kwa miaka sita.

Cha Marekani nilikiomba FBI, idara ya upelelezi ya huko, kwa mtandao. Lilikuja faili la PDF. Nilimtumia rafiki yangu aliyeko huko, akalichapisha, akalipeleka kwa notari, yule anayeshuhudia saini na nakala, kuthibitisha kwamba ni nakala halisi, kisha akaenda ofisi ya Katibu wa Jimbo. Karatasi ikarudi na apostili, yaani ule uthibitisho wa hati zinazokwenda kutumika nchi nyingine, yenye muhuri wa dhahabu. Cha nyumbani nilikichukua polisi, nikakipeleka Wizara ya Mambo ya Nje, wakakigonga muhuri na kukisaini. Vyeti vyenyewe nilikuwa nimeshavipeleka kwa mfasiri mapema ili niokoe muda.

Dirishani sikumaliza dakika tano. Nimeambiwa apostili ya Marekani si ya mamlaka husika, cha nyumbani hakijahalalishwa, na tafsiri zimeacha mihuri. Tena wakaniuliza kwa nini cheti cha nyumbani kina matundu ya stepla. Nilizitoa pini ili niskani vizuri.

Kuna jingine linaloninyima usingizi. Cheti cha FBI kinaonyesha nilikamatwa mwaka 2019 kwa ugomvi na mwenye nyumba. Kesi ilifutwa, lakini cheti hakisemi kama ilifutwa.

Je, nianze upya vyote? Nchi yangu naambiwa haimo kwenye mkataba wa apostili. Sasa kwa nini ubalozi mmoja unataka hiki kwa karatasi moja na kile kwa nyingine? Na kuna wakala anayeahidi apostili za vyeti vyote viwili kwa siku tatu. Nimpe kazi?

Muuguzi mwenye faili lililorudishwa

JIBU

Dada Muuguzi,

Pole kwa usumbufu. Jibu la haraka ni hili: cheti cha FBI unaanza upya, cha nyumbani unaanza upya, tafsiri zinangoja hadi mwisho kabisa, na yule wakala usimpe kitu. Sababu si moja kwa vyote, kwa hiyo tuende karatasi kwa karatasi.

Kwanza tuondoe dhana moja iliyoenea. Watu wengi huamini kwamba apostili au muhuri wa Mambo ya Nje unathibitisha kuwa mtu hana makosa. Hauthibitishi hivyo. Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961, ambao ndio ulioleta apostili, unaipa kazi tatu tu: kuthibitisha kwamba saini iliyo kwenye hati ni ya kweli, kwamba aliyesaini alikuwa na cheo fulani, na kwamba muhuri uliopo ni wa ofisi fulani. Maneno ya ndani ya hati hayaguswi. Cheti kinachosema mtu alifungwa miaka kumi kinapata apostili kama kile kisicho na doa. Mlolongo wa mihuri kwa nchi zisizo kwenye mkataba nao unafanya kazi kwa misingi hiyohiyo. Kwa hiyo kabla hujalipa ada yoyote, jiulize: nani amesaini karatasi hii, na ni ofisi gani yenye sampuli ya saini yake? Karatasi inakwenda huko.

Sasa chukua ile apostili ya dhahabu uisome. Ni kisanduku cha mraba ambacho kila upande unatakiwa kuwa na angalau sentimita 9, kichwa chake kimeandikwa kwa Kifaransa hata kama mengine yote ni Kiingereza, na ndani kina mistari kumi yenye namba. Namba 1 ni nchi. Namba 2 ni jina la aliyesaini hati, namba 3 cheo chake, namba 4 muhuri ni wa nani. Kuanzia 5 hadi 10 ni habari za apostili yenyewe: mji, tarehe, ofisi iliyoitoa, namba ya usajili, muhuri na saini. Yako, kwenye namba 2, ina jina la notari, na namba 3 inasema ni notari. Ofisa wa FBI hatajwi popote. Karani wa ubalozi anaangalia mistari hiyo miwili kwanza, ndiyo maana hukukaa dirishani hata dakika tano.

Ofisi ya jimbo haikukosea. Ililetewa saini ya notari wa jimbo lake, ikaithibitisha. FBI ni idara ya serikali kuu, na saini za maofisa wake hazimo kwenye rejista ya jimbo lolote. Rafiki yako alipompelekea notari, aligeuza hati ya serikali kuu kuwa tamko la mtu wa jimboni kwamba “nakala hii ni halisi”, na tamko hilo ndilo lililopata apostili. Mpokeaji makini hawezi kulichukua kama cheti.

Njia sahihi ya cheti cha FBI ni Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, kwenye ofisi yake inayothibitisha nyaraka. Unajaza fomu DS-4194, ambayo inakuuliza hati inakwenda kutumika nchi gani. Andika Hispania, kwa sababu jibu hilo ndilo linaloamua kama utapewa apostili au cheti cha uthibitisho kwa nchi isiyo mwanachama. Ada ni dola 20 kwa kila hati. Weka na bahasha ya kurudishia iliyolipiwa na yenye anwani. Kwa mtu aliye nje ya Marekani, rahisi zaidi ni bahasha hiyo kumrudia rafiki aliyeko huko, naye akutumie kwa kampuni ya vifurushi. Hapo rafiki yako atakufaa kweli. Mwambie tu asiende kwa notari, hata kama mtu wa dirishani atasema haidhuru. Karatasi ya FBI iliyogongwa na notari inakuwa imeharibika kwa safari hii.

Kama lile PDF lingekuwa la juzi na halina utata, ungelichapisha tena likiwa safi na kulipeleka Wizarani moja kwa moja. Angalia tu kwamba lina muhuri wa FBI na saini ya ofisa wake, maana bila saini hakuna cha kuthibitisha. Kwako nashauri uombe jipya, kwa ajili ya umri wa cheti na kwa ajili ya lile jambo la 2019 ambalo tutalifikia. Ada ya FBI ni dola 18. Ukiwa nje ya Marekani unaomba kwa mtandao, kisha unatuma kadi ya alama za vidole kwa posta, na majibu yanakuja kwa mtandao. Kadi ni ile ya FD-1164 au FD-258. Mtu yeyote aliyefundishwa kazi hiyo anaweza kukuchukua alama, na vituo vingi vya polisi hufanya.

Kadi ndipo waombaji wengi hukwama bila kujua, na wauguzi ni miongoni mwa wanaokwama zaidi. Kunawa mikono na dawa kutwa nzima hulainisha ile mistari ya vidoleni mpaka haisomeki. Siku kadhaa kabla, paka mafuta usiku. Siku yenyewe usipake kabisa, kwa sababu mafuta hufanya wino uteleze. Kila kidole kiviringishwe kutoka ukingo mmoja wa kucha hadi mwingine, mara moja tu, bila kurudi nyuma. Vile visanduku vya chini, vya vidole vinne kwa pamoja na vya gumba, vinabonyezwa tu bila kuviringisha. Wino ukizidi, mistari inaungana na kuwa doa, ukipungua, inakatika. Chukua kadi mbili au tatu siku hiyohiyo uzitume zote, ili moja ikikataliwa nyingine ishike. Jina lijazwe kama lilivyo kwenye pasipoti unayotumia sasa, herufi kwa herufi, kwa mpangilio uleule.

Sasa kuhusu 2019. Rekodi ya FBI inajengwa na taarifa zinazotumwa na polisi na mahakama za majimbo. Mara nyingi taarifa ya kukamatwa hutumwa siku hiyohiyo, halafu ya mwisho wa kesi haitumwi kabisa. Si kwamba umetiliwa shaka, ni pengo la makaratasi. Lakini ofisa wa viza hawezi kulisoma pengo hilo kwa huruma. Anaona kukamatwa, haoni mwisho.

Kuna mambo mawili ya kufanya, na nakushauri uyaanze yote kwa pamoja. La kwanza ni kuomba rekodi irekebishwe. FBI hupokea malalamiko ya aina hii bila ada, lakini majimbo mengi hutaka marekebisho yapitie ofisi yao ya jimbo inayotunza rekodi za uhalifu, kwa hiyo andika huko pia. La pili ni kuandikia mahakama iliyosikiliza kesi, ukiomba nakala iliyothibitishwa ya uamuzi wa kuifuta, yenye saini ya karani wa mahakama na muhuri wake. Taja namba ya kesi, tarehe ya kukamatwa na jina ulilotumia wakati ule.

Na hapa ndipo ile ofisi ya Katibu wa Jimbo inapokuwa mahali sahihi. Nakala ya mahakama ya jimbo imesainiwa na karani wa jimbo, basi apostili yake inatolewa na jimbo hilohilo, si Washington. Ukiipeleka Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani utarudishiwa, kwa kosa lilelile la mwanzo lililogeuzwa upande. Baadhi ya majimbo hutaka saini ya karani ithibitishwe kwanza ngazi ya kaunti, kwa hiyo uliza kabla ya kutuma.

Rekodi ikirekebishwa mapema, omba cheti kipya baada ya hapo, kwa sababu apostili haihamii kwenye karatasi nyingine. Usingoje kupita mwezi, hata hivyo. Cheti chenye pengo kikifuatana na uamuzi wa mahakama wenye apostili yake na tafsiri yake kinajieleza vya kutosha. Kuficha ndiko kunakoangusha watu, kuliko kesi zenyewe.

Tuje cheti cha nyumbani. Umeuliza kwa nini ubalozi mmoja unadai vitu viwili tofauti. Ni kwa sababu apostili inatolewa na nchi iliyotoa hati, na inafaa pale tu nchi hiyo na nchi inayopokea zinapofungwa na mkataba kwa pamoja. Hispania imo tangu 1978, Marekani tangu 1981, kwa hiyo kati yao apostili moja inamaliza kazi. Nchi yako haimo, basi hakuna ofisi yoyote duniani inayoweza kutoa apostili kwa cheti chake. Karatasi hiyo inapita njia ya zamani, ambapo kila mlango unathibitisha saini ya mlango uliotangulia. Polisi wanasaini. Wizara ya Mambo ya Nje inathibitisha saini ya polisi. Nchi nyingine hupitisha kwanza wizara inayosimamia polisi au ile ya sheria. Kisha ubalozi wa Hispania uliopangiwa nchi hiyo unathibitisha saini ya Wizara.

Wewe uliishia mlango wa kabla ya mwisho. Na kosa hili linawapata wengi kwa sababu moja ya kijinga: ubalozi ni jengo moja, lakini dirisha la viza si dirisha la kuhalalisha hati. Yule wa viza hagongi mihuri ya kuhalalisha, anaikagua tu. Unatakiwa kupanga miadi ya kuhalalisha kwanza, ulipe ada yake, uchukue cheti kikiwa na muhuri wa kibalozi, ndipo uende na miadi ya viza. Kama Hispania haina ubalozi katika nchi iliyotoa cheti, kuna ubalozi wao wa nchi nyingine uliopewa dhamana ya kuihudumia. Huko ndiko kwenye sampuli za saini za Wizara yenu. Ubalozi mwingine wowote ulio karibu na wewe hautakusaidia.

Kwenye Wizara yako pia kuna mitego. Ofisa wa polisi aliyesaini akiwa amehamishwa au mpya, sampuli yake inaweza kuwa haijafika, na karatasi itakaa. Ukichukua cheti kipya polisi, hakikisha chini ya saini kuna jina na cheo vinavyosomeka, si mkwaju wa kalamu peke yake, na uulize kama ofisa huyo amesajiliwa Wizarani. Usipeleke nakala ya fotokopi. Usiweke leminesheni: wino wa muhuri haushiki kwenye plastiki, na kuibandua ni kuichana. Kama polisi wenu wanatoa cheti cha kielektroniki chenye msimbo wa kuskani, waulize Wizara kama wanathibitisha kilichochapishwa au wanataka saini ya kalamu. Ofisi hutofautiana sana kwa hili. Ukiweza, omba cheti asili viwili. Cha pili kitakuokoa kimoja kikipotea posta.

Kwa wasomaji wengine wenye safari tofauti: orodha ya nchi wanachama hubadilika, na maelezo mengi yanayozunguka mtandaoni yamepitwa na wakati. Saudi Arabia imeingia Desemba 2022, China Novemba 2023, Kanada Januari 2024, Rwanda Juni 2024. Bado kuna mawakala wanaowatoza watu ada za mlolongo wa kibalozi kwa hati za Kanada zinazokwenda nchi wanachama. Wengine hudhani Ghuba yote inataka ubalozi, ilhali Oman imo tangu 2012 na Bahrain tangu 2013. Jedwali la kuaminika ni la Mkutano wa The Hague wenyewe, yaani shirika linalosimamia mkataba huu, na linasomwa kwa macho matatu: nchi zote mbili zimo? Mkataba umeshaanza kutumika kwao, au wamesaini tu? Na je, mojawapo imeweka pingamizi dhidi ya nyenzake? Pingamizi ndilo husahauliwa. Ujerumani, kwa mfano, iliweka pingamizi India ilipojiunga, kwa hiyo kuwaona wote wawili kwenye orodha hakukutoshi. Jambo zuri ni kwamba nchi ikishajiunga, hata hati zilizotolewa kabla ya tarehe hiyo zinaweza kupewa apostili.

Raia wa Umoja wa Ulaya wana unafuu wao: tangu 16 Februari 2019, cheti cha kutokuwa na rekodi ya jinai kilichotolewa na nchi yao ya uraia hakihitaji apostili kikipelekwa nchi nyingine ya Umoja. Na mtu aliye ughaibuni asikimbilie cheti kilichosainiwa na ubalozi wa nchi yake. Mkataba wa 1961 unaziacha nje, kwa maneno ya wazi, hati zinazotolewa na maofisa wa kibalozi. Cheti cha namna hiyo hakipati apostili popote. Omba kile cha polisi wenyewe, hata kama ni kwa kumtuma ndugu mwenye barua ya idhini.

Nadhani sasa unaona kasoro ya ahadi ya wakala wako. Apostili ya cheti cha nchi isiyo mwanachama haipo, kwa hiyo atakayokupa itakuwa ya kughushi, au itakuwa ya nchi nyingine juu ya nakala iliyogongwa na notari wa huko, yaani kosa lako la kwanza kwa bei mpya. Mkataba unailazimu kila ofisi inayotoa apostili kuweka rejista ya namba na tarehe, na mpokeaji ana haki ya kuulizia. Nchi nyingi rejista hiyo inafunguka mtandaoni kwa sekunde chache. Ikigundulika, kesi yako haitakuwa tena ya karatasi pungufu, itakuwa ya udanganyifu, na hiyo inakufuata kwenye maombi ya viza ya baadaye.

Si mawakala wote ni vishoka. Wapo wanaopanga foleni, kubeba bahasha na kujua saa za madirisha, na huduma hiyo ina thamani kwa mtu aliye mbali. Mpime kwa swali moja: “Kwenye namba 7 ya apostili hiyo patakuwa na jina la ofisi gani?” Anayeijua kazi atakujibu bila kusita. Anayesema “usijali, ipo ofisi yetu”, agana naye.

Tafsiri ilikukwamisha kwa sababu ya mpangilio. Mfasiri anatakiwa kutafsiri kila kitu kilichopo kwenye karatasi: cheti, apostili yenyewe, muhuri wa Wizara, muhuri wa ubalozi, na maandishi ya nyuma ya ukurasa. Ukimpelekea mapema, anatafsiri karatasi ambayo bado haijakamilika. Hispania hutaka mfasiri aliyeapishwa na kuteuliwa na Wizara yao ya Mambo ya Nje. Tafsiri yake ina muhuri na saini yake, na haihitaji apostili ya kwake. Mwelekeze jambo moja dogo lenye madhara makubwa: Wamarekani huandika mwezi kwanza, siku baadaye. 04/09 kwenye karatasi yao ni tarehe 9 Aprili. Mwezi uandikwe kwa maneno, la sivyo tarehe yako ya kuzaliwa itapishana na pasipoti.

Kuhusu muda, apostili yenyewe haina mwisho wa matumizi. Kinachozeeka ni cheti, na saa yake inaanza kuhesabu siku kilipotolewa, si siku kilipogongwa muhuri. Balozi nyingi hutaka cheti kisichozidi miezi mitatu au sita. Maelekezo ya ubalozi wako ndiyo yatakayokupa idadi, na uulize kwa barua pepe kama wanahesabu hadi siku ya miadi au hadi siku ya kuingia nchini. Jibu lao liweke kwenye faili.

Kwa hiyo panga hivi. Barua ya mahakama na ombi la marekebisho zitoke wiki hii, maana hizo ndizo usizoweza kuziharakisha. Kadi za vidole zitayarishwe sambamba. Cheti cha FBI kikitoka, kiende Wizarani Washington siku hiyohiyo; kwa posta husubiri wiki kadhaa, na Wizara hutangaza muda wa wakati huo kwenye tovuti yake. Kikiwa kwenye foleni huko, ndipo uombe cha nyumbani, kwa kuwa njia yake ni fupi na hutaki kizeeke kikimsubiri mwenzake. Miadi ya kuhalalisha ipangwe mara cheti kinapotoka Wizarani kwenu. Vyote vikiwa mkononi, vinakwenda kwa mfasiri kwa pamoja. Miadi ya viza iwe ya mwisho.

Na zile pini. Karatasi ya muhuri ikishaunganishwa na cheti, kuzitoa ni sawa na kuvunja lakiri: mpokeaji hana tena njia ya kujua kwamba muhuri uliletwa na cheti hichohicho. Ukitaka kuskani, kunja ukurasa wa juu kwa nyuma taratibu, au piga picha kwa simu kila ukurasa ukiwa umeinuliwa. Skana ya kumeza karatasi usiitumie.